Sola Haiui

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, ya kupiga bati mpaka redio haisikiki. Zamani ningesema, “Imekuja,” na mume wangu Yohanes angejibu kutoka chumba cha nyuma, “Nimeisikia, mimi si kiziwi.” Leo nilisema nikanyamaza. Ndiyo maana nimeanza kuandika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimepanda maharage shamba la juu. Nimevaa mabuti ya Yohanes, nimeyajaza matambara mbele ili yasinivuke.

Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu Lameck amepiga simu kutoka Dar. Yeye ndiye ananinunulia umeme wa LUKU kwa simu yake. Ananitumia tarakimu, nami nazibonyeza kwenye mita. Kwa hiyo matumizi yangu anayajua kuliko ninavyoyajua mimi.

“Mama, umeme unaisha upesi mno. Unafanya nini nao?”

“Napiga pasi.”

“Kila siku?”

“Nguo zinakunjamana.”

Akacheka. Akasema amenitumia mzigo kwa basi, nikauchukue Dongobesh. “Ni sola ya kisasa, mama. Haitaki betri, haitaki fundi. Unaiweka juani, unachomeka waya kwenye soketi ya ukutani, basi. Jua linakupunguzia LUKU.”

“Wewe utakuja lini?”

“Kazi ikipungua.”

Sikumwambia habari ya taa. Ni ile ya chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha baba yake. Ni globu ya zamani yenye mwanga wa njano, maana hizi nyeupe Yohanes alisema zinamfanya ajione yuko wodini. Miezi ile ya mwisho kifua kilikuwa kinambana, na akishtuka gizani alidhani ameshakufa. Basi tukaiacha iwake usiku na mchana. Alipofariki mwezi wa Kumi watu walikuja, wakalia, wakaosha vyombo, wakaondoka. Hakuna aliyeizima. Nikabaki mimi, na mimi pia sijaizima.

Yohanes na taa. Jioni ya kwanza umeme ulipofika hapa kijijini Tumati alisimama chini ya globu, akavuta pumzi, akaipuliza, fuu, kama anazima koroboi ya mafuta. Mimi na Lameck tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo akawa anafanya makusudi. Anapuliza kwanza, ndipo anabonyeza swichi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeleta mzigo kwa bodaboda. Paneli ni pana kama mlango, dereva alisema tumefanana na watu wanaohama nyumba. Nyuma yake kuna kisanduku cha chuma, na kwenye kisanduku unatoka waya mrefu wenye plagi ya pini tatu, kama ya pasi.

Nimeitazama plagi hiyo muda mrefu. Soketi ninayoijua mimi ni ya kutoa umeme. Hii inataka soketi ipokee. Ni kama kuambiwa umwage maji kwenye bomba ili yarudi kisimani.

Tluway, mdogo wake Yohanes, anakaa juu yetu kidogo. Alipita na mbuzi wake akachungulia.

“Shemeji, umeletewa mlango?”

“Ni sola. Lameck amenitumia.”

“Chomeka tuone.”

“Ngoja kwanza niulize.”

“Uulize nini? Sola haiui. Si kaka mwenyewe alisema?”

Ni kweli alisema. Alipofunga ile sola yetu ya kwanza, ndogo kama sinia, ya kuwashia taa mbili na redio, hapa hapakuwa na umeme wowote na watu waliogopa hata kukinga maji ya mvua kwenye bati letu. Yohanes akawaita watoto akawashikisha nyaya. Lameck akaziweka ulimini akasema zinatekenya. “Mmeona?” Yohanes akawaambia wazee. “Sola haiui.” Neno hilo likashuka bonde mpaka kwa wakwe zetu Dirma, na mpaka leo mtu akiogopa kitu bure anaambiwa, wewe, sola haiui.

Boksi nimeliweka chini ya meza.

Alhamisi, 13 Machi

Mwalimu Belinda anakaa nyumba ya shule, hapo chini yangu. Ni mtu wa Bukoba, na jioni huwa anakuja kununua maziwa. Nimempa ile karatasi ya maelezo anisomee.

“Mama, Kiingereza hiki kimevunjika mguu,” akasema. Akasoma akicheka, kisha akaacha kucheka. “Hapa wanasema, usichomeke kabla hujaangalia sheria ya mahali ulipo.”

Tukakigeuza kile kisanduku. Hakina jina la kiwanda wala alama ya ubora. Alikwenda kwake akaleta birika lake la umeme ili anionyeshe alama hiyo inavyokaa. Birika la chai limepimwa. Hiki cha kuingiza umeme ndani ya ukuta wangu hakina kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Sheria ya mahali nilipo. Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Anajua sheria ya mbuzi wanaoingia shamba la mtu na sheria ya vyoo.

“Sola?” akasema. “Sola haina sheria, mama. Sola ni jua. Utalitungia jua sheria?”

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nimerudi na mvua.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nimepika makande ya watu wawili tena.

Alhamisi, 27 Machi

Leo jua limetoka na amekuja Mwita, fundi wa shirika la umeme anayetuhudumia huku juu kwa pikipiki. Alikuwa anakata matawi yaliyoegemea nyaya. Ni kijana wa Tarime, na baridi yetu imemshinda, anavaa makoti mawili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Karibu uote moto.”

“Huku kwenu kote ni friji.”

“Ndiyo maana hatununui friji.”

Akacheka, akakaa kwenye kiti cha Yohanes. Hakujua, nami sikumwambia. Ni vizuri kiti kikikaliwa. Nilimpa maziwa mgando, kisha nikamwonyesha boksi.

Hakulidharau. Alisoma kisanduku pande zote, akaitoa paneli nje, akailaza kwenye majani juani. Plagi akaiacha wazi, haijaingia popote. Akachukua testa yake, ile bisibisi yenye kitaa ndani, akagusa pini. Kitaa kikawaka.

“Umeona, mama? Haijachomekwa popote na pini zina moto. Mtoto angeshika hapa, habari yake ingeishia hapa.”

“Lakini ni sola.”

“Ile sola yenu ya betri ni umeme mdogo. Hiki kisanduku kinaugeuza unakuwa sawa na wa ukutani, na wa ukutani unaua.” Akaniwekea mkono juu ya kile kisanduku, nacho kilikuwa na joto kama mnyama. “Kilichotengenezwa vizuri husikiliza kwanza. Kikisikia umeme wa shirika upo, kinaongeza wake. Umeme ukikatika, nacho kinanyamaza papo hapo. Hiki hakisikilizi. Sisi tukizima laini tukapanda nguzo, chenyewe kinaturudishia moto kwenye waya tulioushika.”

“Na kingekuwa kizuri?”

“Hata hivyo ungeomba kibali. Hakuna kuunganisha kitu kwenye waya wa shirika bila ofisi kukipima, na mita nayo iwe inayokubali.”

“Kwa hiyo sheria ipo.”

“Ipo, mama. Ila haijafika kwa mtendaji wenu.”

Alipiga picha ile karatasi na kisanduku ili amtumie mhandisi wao. Akasema mhandisi akikataa, atanijulisha. Alipoondoka niliosha kikombe chake nikakiweka kando ya changu.

Jumapili, 30 Machi

Mwita ametuma ujumbe. Mhandisi amejibu: kisiunganishwe.

Nimempigia Lameck. Nilitafuta maneno ya taratibu, lakini hakuna namna ya taratibu ya kukataa zawadi.

“Mama, Ulaya wanazining’iniza kwenye maghorofa. Wanachomeka, wanakunywa kahawa.”

“Labda zao zimepimwa.”

“Nilijinyima kukununulia.”

“Najua, mwanangu.”

“Sawa,” akasema. Akakata. Lameck hakati simu kabla ya kusema usiku mwema.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Palizi. Simu haijalia.

Jumamosi, 5 Aprili

Nakwenda Basotu. Mama mdogo amefariki. Nimemwachia Tluway ufunguo kwa ajili ya kuku.

Jumatano, 9 Aprili

Nimerudi. Kule ziwani jua lilikuwa kali, walituandalia perege wa kukaanga, na kila mtu aliniuliza naendeleaje, nikasema vizuri. Nimefungua mlango nikaona boksi halina kitu.

Nilipanda kwa Tluway na nguo za safari. Paneli ilikuwa juu ya banda la mbuzi, mbele ya nyumba, na waya umeingia dirishani. Ndani televisheni inasema peke yake.

“Lameck alinipigia,” Tluway akasema. “Baba mdogo, nenda ukamchomekee mama, yeye anaogopa. Nikaona kwako hutaitumia, nikaileta hapa nijaribu. Shemeji, mita yangu imepoa kama imelala.”

Nikamweleza alivyosema Mwita, yote, na testa ilivyowaka.

“Mwita ni mtu wa shirika. Atasifu kitu kinacholipunguzia shirika wateja?”

“Alipima mbele yangu.”

“Na kaka alipima kwa ulimi wa mwanawe. Au kaka alikuwa mwongo?”

Machozi yalinijia, na Tluway hawezi kuona machozi, ni mtu mwema. Akasema, “Basi, basi. Nitaitoa kesho. Kalale, umetoka msibani.”

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepita njia ya kwa Tluway. Juu ya banda hakuna kitu. Nimeshukuru.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ukungu mzito, kanisani hatukuonana nyuso. Nimefunga.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Lameck ametuma ujumbe: Heri ya Pasaka mama. Hakupiga.

Baada ya misa watu walikuwa wanamtania Tluway kwamba LUKU yake haiishi, ana mganga wa mita. Alicheka pamoja nao. Mimi aliponiona akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa makubazi yasiyo na kamba.

Najua sasa kwamba hajaitoa. Ameihamisha tu nisiione.

Jumatatu, 21 Aprili

Nina namba ya Mwita kwenye simu. Nimeifungua na kuifunga.

Kumsema shemeji yangu kwa watu wa shirika ni kumkatia umeme na kumwaibisha mbele ya kijiji kizima. Na huyu ni Tluway. Kaburi la Yohanes alilichimba yeye. Vijana walipotaka kumpokea jembe aliwaambia, “Niacheni, huyu ni wangu,” akachimba mpaka chini. Mtu aliyekufanyia hivyo unamsemeaje?

Na nikinyamaza, je, akipanda mtu nguzo?

Sijapiga. Nitaongea na Tluway tena wiki hii.

Alhamisi, 24 Aprili

Upepo na mvua ya mawe. Mkaratusi mkubwa wa kijitoni umeangukia laini. Nyumba tatu za mwisho, yangu, ya Tluway na ya Mwalimu Belinda ambaye yuko kwao likizo, tumebaki ng’ambo ya mti.

Taa ya Yohanes imezimika. Sikuigusa swichi. Nimekaa mlangoni pa chumba kile na tochi, sikuweza kuingia.

Ijumaa, 25 Aprili

Ukungu siku nzima, wala jua wala umeme. Simu haishiki mtandao.

Jumamosi, 26 Aprili

Nataka niandike leo leo.

Asubuhi anga ilikuwa safi, mawingu madogo tu yanapita. Mwita alikuja peke yake, wenzake wako kwenye sikukuu ya Muungano. Alisimama uani bila kuzima pikipiki.

“Mama, nimezima kule kwenye transfoma na nimefunga na kufuli yangu. Jana tumekata mti, leo naunga waya tu. Mchana utapiga pasi.”

“Njoo kwanza ule.”

“Nikimaliza. Niwekee makande.”

Akashuka kijitoni. Nikabandika makande, na safari hii ya watu wawili yalikuwa na maana. Ningemwambia kuhusu Tluway pale pale uani. Nilifungua mdomo. Lakini Tluway alikuwa amepita alfajiri na mkewe kwenda mnadani, akaniamkia vizuri, na nikajiambia kama umeme umezimwa kule kwenye transfoma basi umezimwa. Maelezo ya Mwita ya mwezi wa tatu niliyasikia, sikuwa nimeyaelewa.

Niliingia chumba cha nyuma kuchukua blanketi la Yohanes nilianike, lilikuwa limeshika unyevu. Nikakuta taa inawaka.

Haikuwaka kama siku zote. Ilikuwa nyekundu kama kaa, ikapanda ikawa njano, ikashuka tena ikawa nyekundu. Ikapanda. Ikashuka. Taratibu, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Nilikaa kitandani. Sitaficha nilichofikiri. Nilisema kwa sauti, “Yohanes?”

Nilikaa vile nikiitazama. Nilitamani isiishe.

Kisha chumba kikaingia kivuli, wingu limepita, na taa ikashuka. Wingu likaondoka, taa ikapanda. Nikageuka nikaangalia dirishani, nikalingoja wingu jingine. Likaja. Taa ikashuka nalo.

Umeme wa shirika haujui mawingu.

Nilitoka mbio. Kutoka uani nilimwona Mwita mbali kule chini, ngazi yake imeegemea nguzo, naye anapanda. Nilimwita. Kijito kilikuwa kimejaa, kinanguruma, hakunisikia. Kushuka mpaka alipo ni mbali na ni utelezi mtupu. Kwa Tluway ni karibu. Nikapanda kwa Tluway.

Mlango umefungwa kwa kufuli. Nikazunguka nyuma. Paneli ilikuwa upande wa pili wa bati la banda, imefutwa ikang’aa, na jua lote limo ndani yake. Ndipo nikaona kwamba blanketi la Yohanes nilikuwa nalo mkononi. Nililirusha, likateleza likaanguka kwenye samadi. Nikapanda juu ya hori la mbuzi, nikalitandaza kwa mikono yote miwili mpaka kona zote zikafunikwa. Upepo ukalinyanyua. Nikavua mabuti nikayaweka juu yake, moja huku, moja huku. Nikashuka bondeni miguu mitupu.

Mwita alikuwa amekaa kwenye matope, ngazi iko ubavuni mwake, ameshika kiganja chake cha kulia kama mtu aliyeshika ndege. Midomo ilikuwa myeupe.

“Laini ilinishika, mama,” akasema. “Ilinishika, nikawa nasikia kijito lakini siwezi kusema. Halafu ikaniachia. Nikaanguka.”

“Umeumia?”

“Nilizima. Nilifunga na kufuli yangu.”

“Si wewe. Ni ile sola. Iko kwa Tluway, nami nilijua, nikanyamaza.”

Nilidhani atanitukana, na ningemkubalia. Akatia mkono wa kushoto mfukoni, akatoa testa, akaitazama.

“Hii ilikuwa mfukoni,” akasema. “Glavu ziko kwenye pikipiki. Nilijua nimezima, nikataka niwahi makande.”

Tukapanda polepole, yeye ameniegemea. Nimemfunga kiganja, kimeungua sehemu mbili. Amekula kwa mkono wa kushoto, kwenye kiti cha Yohanes.

Jumapili, 27 Aprili

Mwita jana alipelekwa hospitali Haydom. Wamesema moyo wake uko sawa.

Tluway alirudi mnadani jioni, akakuta blanketi na mabuti ya kaka yake juu ya banda lake. Leo baada ya misa amekuja nayo. Mabuti ameyaosha. Hakuingia ndani, alikaa kwenye kizingiti.

“Shemeji, nilipoyaona juu pale nilidhani kaka amekuja kunisema.”

“Angekusema nini?”

“Sijui. Angenisema.” Akafikicha macho. “Lakini si alisema haiui?”

“Alisema ile ndogo. Hii hakuiona.”

“Kumbe neno nalo linazeeka.”

“Ungeniuliza.”

“Wewe uliuliza mpaka kwa mtendaji, tukakucheka.” Akayapanga mabuti kizingitini. “Yule kijana ana mtoto?”

“Ana mke Tarime. Ana mimba.”

Tluway akafunika uso kwa kofia yake. Nilimletea maji akayashika tu.

Jumatano, 30 Aprili

Watu wa ofisi wamekuja na gari. Wamekichukua kile kisanduku, wamemkatia Tluway umeme mpaka akaandike maelezo. Hakubisha. Aliwashikia ngazi.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua ndogo. Mwalimu Belinda amerudi, amewaambia watoto shuleni kwamba kuna sola mbili. Sasa wanapita njiani wakiimba ndogo haiui, kubwa inaua.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia Lameck mwenyewe. Nilimweleza yote kuanzia mti mpaka mabuti.

“Mama, mimi ndiye niliyemwambia baba mdogo achomeke.”

“Wewe uliambiwa na aliyekuuzia, Tluway akaambiwa na wewe. Hakuna aliyeuliza.”

“Nilitaka tu LUKU isikusumbue. Niliona yuniti zinaisha, nikasema labda mama anaumwa, labda anawasha jiko kwa sababu ya baridi, hataki kusema.”

Nikaona nimemwacha mwanangu akihangaika na pasi isiyokuwapo. Nikamwambia, “Ni taa ya baba yako. Sijaizima tangu siku ile.”

Kisha nikasikia anavuta kamasi, kama alipokuwa mdogo.

“Usiku mwema, mama,” akasema, na ilikuwa mchana.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekatika. Maharage yanaanza kukauka upande wa juu. Mwita amepita. Kiganja kimepona, kimebaki na makovu mawili ya kung’aa. Amevaa glavu kabla hata ya kushuka kwenye pikipiki, kunionyesha. Amesema paneli yenyewe haina kosa, kosa lilikuwa kwenye kisanduku. Inaweza kuchaji betri ya ile sola ya zamani, ikiwa na nyaya zake zenyewe zisizogusana na za shirika, ila ifungwe na fundi mwenye leseni. Nimemwuliza mara mbili. Amenijibu mara mbili.

Jumamosi, 7 Juni

Tumeng’oa maharage, mimi na mke wa Tluway. Tluway amebeba yote. Umeme wamemrudishia.

Jumamosi, 21 Juni

Lameck amekuja.

Hakusema kama anakuja. Nilikuwa uani napiga maharage, nikaona mtu anapanda na begi, nikasema mwendo huu naujua, lakini mwenye mwendo huu alishazikwa. Aliweka begi chini akanishika kichwa. Amekonda. Alinywa maziwa mgando vikombe viwili amesimama. Akakagua paneli, ambayo fundi wa Dongobesh aliifunga wiki iliyopita, akafuata nyaya zake kwa kidole mpaka kwenye betri, akatikisa kichwa polepole.

“Safari imenichosha, mama. Nilale wapi?”

“Chumba cha nyuma.”

Akaingia, akarudisha mlango. Mimi nikarudi kwenye maharage, lakini fimbo niliishika tu sikupiga. Nilisikia kitanda kikilia, viatu vikianguka kimoja kimoja. Kisha kimya.

Kisha nikamsikia anapuliza. Fuu.

Na swichi.

Nikaendelea kupiga maharage, taratibu, asije akaamka.